Risasi za Mazoezi na Jina la Kuluthumu

Polisi walimuua Kuluthumu kwa risasi za mazoezi. Ilikuwa asubuhi, maji yametoka, naye ameinama mwambani anachokoa pweza. Wao walikuwa ufukweni wanajifunza kulenga. Walipomuua wakasema kosa ni lake. Hayo ndiyo yaliyotendeka Nantumbi, kijiji cha pwani kaskazini ya Mocímboa da Praia, ng'ambo ya mpaka kutoka Mtwara, na anayetaka kuyapaka sukari ayapake, lakini hayatalika.

Aliyekataa kuyapaka sukari alikuwa Mwanawetu, mke mwenzake marehemu. Hilo liliwashangaza watu karibu kuliko kifo chenyewe, maana kijiji kizima kilijua kwamba wanawake wale wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja.

Mwanawetu alizaliwa hapo hapo Nantumbi, kwa baba aliyevuka kutoka Mtwara na magunia ya chumvi, akaoa, akabaki. Darasani hakuingia hata siku moja. Kaka zake walipelekwa shule ya Kireno. Yeye alipewa ndoo na kijiti cha chuma akafuatana na bibi yake kwenda mwambani. Huko alifundishwa kutambua tundu lenye mwenyewe, kokoto na magamba ya kome yamekusanywa mlangoni kama takataka za jikoni. Alifundishwa kumchokoa pweza mpaka akasirike akamate kijiti, kumvuta, kumgeuza kichwa, kumpigapiga juu ya jiwe mpaka alainike. Na alifundishwa sheria ya wanawake wa Nantumbi: tundu aliloligundua mwanamke ni lake, hurithiwa na binti yake, na anayechokoa tundu la mwenzake ni mwizi kama mwizi wa kuku.

Kwa pweza wakavu aliowauzia wachuuzi wa kwenda Mtwara, Mwanawetu alisomesha watoto wake, Yusufu na wadogo zake, na akaezeka nyumba kwa bati. Mumewe, Husseni, alikuwa mtu wa mashua, mwenyekiti wa kamati ya wavuvi, mpole wa maneno, mgumu wa kuamua. Alipooa mke wa pili hakumwambia. Mwanawetu alizisikia habari kwa muuza mihogo, tena katikati ya kupatana bei.

Mke wa pili ndiye Kuluthumu, mtu wa Mucojo, mwenye kicheko cha kusikika nyumba tatu. Mwaka wake wa kwanza tu alichokoa tundu la Mwanawetu. Alisema hakujua. Mwanawetu alisema hata mtoto wa Mucojo anajua. Wakanyamaziana mwaka mzima, wakipishana uani kama watu wa vijiji viwili.

Vita ndiyo iliyowalazimisha kusemezana. Mashababi, wale waasi wa porini, walipochoma Nantumbi, Husseni alikuwa baharini, na wake zake walikimbilia porini pamoja, mmoja amembeba Zulfa, binti mdogo wa Kuluthumu, mwingine amebeba sufuria, wakibadilishana njiani. Kambini kwa wakimbizi, huko kusini, walipewa turubai moja kwa jina la mume na wakalala chini yake wamepeana migongo. Amani iliporudi kidogo wakarudi kijijini, na siku ya kwanza ya bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, Mwanawetu alimpeleka mwenzake hadi ukingo wa mwamba, akamwonyesha matundu kadhaa yaliyokuwa ya bibi yake.

"Haya ni yako," alimwambia. "Nisikuone kwenye mengine."

"Na nikikosea tena, dada?"

"Utarudi Mucojo kwa miguu."

Kuluthumu akacheka kile kicheko chake. Watu waliokuwa wakisubiri ugomvi walikata tamaa. Lakini kupendana, hapana. Mwanawetu mwenyewe hakulitumia neno hilo, hata baadaye.

Siku ya kifo ilikuwa bamvua. Maji yalikuwa yametoka mpaka mbali, wanawake wametapakaa kwenye mwamba kila mmoja na matundu yake, wameipa migongo miti ya mikandaa na ufuko. Mlio wa kwanza uliposikika, wote walilala chini. Hapakuwa na wa kumwambia mwenziwe alale. Kila aliyerudi kutoka kambini, mwili wake ulikwisha kufundishwa. Walilala ndani ya maji ya kifundoni, juu ya miiba ya baharini, nyuso upande, wakidhani mashababi wamerudi.

Kuluthumu peke yake alichelewa. Mkono wake ulikuwa ndani ya tundu na pweza ameukamata. Alijinyoosha ili auvute. Mwanawetu alimwona akinyooka, akamwona akikaa, kama mtu aliyechoka. Kisha akalala chali.

Mwanawetu alitambaa mpaka alipo. Risasi zilikuwa bado zinapita, zinalia juu kama nyuki, nyingine zinaruka juu ya maji. Zikanyamaza. Wakasikia filimbi. Zikaanza tena. Hapo ndipo Mwanawetu alipojua kwamba haikuwa vita, kwa kuwa vita haina filimbi ya kupumzika. Alimshika mwenzake kichwa kisizame na akambania kitambaa kifuani, na wale ufukweni waliendelea kujifunza. Walipomaliza, maji yalikuwa yameanza kurudi. Wanawake wakambeba Kuluthumu wakikimbizana na maji, na alipofikishwa kwenye mchanga mkavu alikuwa amekwisha kukata roho. Pweza hakuwa ameuacha mkono.

Makuruta wa polisi walikuwa wanakusanya maganda ya risasi. Walipowaona wanawake wanatokea upande wa bahari na maiti, mmoja alitapika.

Alizikwa siku ile ile. Komandanti wao, aliyeitwa Valter, hakuja. Alituma neno kwa Amade, sekretari wa kijiji, kwamba ile ilikuwa risasi ya mashababi. Hakuna aliyelimeza neno hilo, kwa sababu vibao vya kulengea vilikuwa bado vimesimama ufukweni, vimetobolewa, na nyuma yake hakuna kitu ila bahari. Basi akatuma la pili, na Amade akalisoma uani mwa msikiti: eneo lile lilikuwa limefungwa kwa mazoezi, marehemu aliingia bila ruhusa, alikwenda kufanya nini huko, uchunguzi utasema.

Alikwenda kufanya nini huko. Maneno hayo yaliachwa yakae, nayo yakachacha. Kisimani wakaanza kusema kwamba yule mwanamke wa Mucojo alikuwa akipeleka chakula kwa watu wa porini, kwamba mashua zao hupita nje ya mwamba, kwamba ndiyo maana siku zote alikuwa akicheka. Siku moja Zulfa alirudi kutoka chuoni, msahafu kifuani, akasimama mbele ya Mwanawetu.

"Mama mkubwa, wanasema mama alikuwa na mume mwingine porini."

"Nani anasema?"

"Wote."

Huku kwetu jina kama hilo haliishi kisimani. Linafika kwa wanajeshi, na wanajeshi hawaji nyumbani kwa mtu kuuliza mara mbili. Nyumba zenye jina hilo zimewahi kuondokewa na wanaume wao, na mpaka leo hawajulikani waliko. Mwanawetu alimnawisha mtoto uso, akampa muhogo, akakaa kitako akitazama ukuta. Kuanzia saa ile alitaka jambo moja: waliolichafua jina la Kuluthumu walisafishe wao wenyewe, mbele ya watu, kwa midomo ile ile.

Siku chache baadaye gari la polisi lilishusha gunia la mchele, dumu la mafuta na kapulana mpya ya kujifunga. Husseni aliyapokea, akayapanga barazani. Mwanawetu alikuta watu wamekwisha kuanza kuyaulizia.

"Baba Yusufu, mchele huu wa nini?"

"Wa msiba."

"Matanga tumekwisha kuanua."

"Serikali imetoa pole, mke wangu. Wangapi hawapewi hata hicho?"

"Pole husemwa. Hii imefungwa kamba."

Kila mtu Nantumbi alijua maana ya chakula kile. Aliyeua kwa bahati mbaya huja mwenyewe, amefuatana na wazee wake. Huvua viatu mlangoni, hukaa mkekani mbele ya wafiwa, husema kwa mdomo wake alilotenda, na hungoja. Wafiwa wakimpa maji ya kunywa, neno lake limesikika. Baada ya hapo ndipo huleta chakula, kikapikwa, wakala wote, na shauri likaisha. Aliwahi kukaa hivyo nahodha mmoja ambaye foromali ya mashua yake, ule mti wa tanga, ilimvunja shingo baharia. Alikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri ndipo mjane alipomsogezea kikombe. Polisi walikuwa wamerukia mwisho. Wameleta chakula, mtu hawakuleta. Na chakula kikishaliwa, hakuna wa kudai tena.

"Yarudishe," Mwanawetu alisema.

"Tuyaache, Mama Yusufu. Ukiwachokoza hawa watanitia mimi ndani."

"Wewe? Wewe umefanya nini?"

Husseni alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. Kisha akasema, sauti chini, kwamba komandanti alimwita yeye na wazee wa kamati kabla ya mazoezi. Aliwauliza kwa ustaarabu kabisa.

"Aliniuliza saa ambayo hakuna vyombo baharini. Nikamwambia bamvua, asubuhi, maji yakitoka kabisa. Vyombo vyote vimekaa kavu. Ni kweli, si kweli?"

"Ni kweli."

"Akauliza, kwa hiyo hakuna mtu? Nikamwambia hakuna mtu."

Mwanawetu alimtazama.

"Na sisi?"

"Sikufikiria."

"Tangu umenioa unakula pweza wa kule."

"Sikufikiria, Mama Yusufu. Aliniuliza wavuvi."

Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo ulimchoma Mwanawetu kuliko uwongo wa komandanti. Wanaume wote wa kamati walikuwa wamekaa pale, kila mmoja mke wake au mama yake yuko mwambani kila bamvua, na wote waliitikia kwa vichwa. Kwao mvuvi ni mwenye chombo. Mkewe akienda kule na ndoo, amekwenda tu, kama anavyokwenda kuni. Komandanti, mtu wa bara, aliitazama bahari akaona ukuta mzuri wa kusimamisha risasi, akauliza kama una watu, na waliozaliwa pembeni ya ukuta huo wakamwambia hauna.

"Utakwenda kusema hivyo kwenye mkutano," Mwanawetu alisema.

Husseni akaivaa kofia yake, akatoka.

Mkutano wa polisi na kijiji ulifanyika kiwanjani, mbele ya shule. Komandanti Valter alikaa kwenye kiti cha plastiki, amenyoa vizuri, kofia gotini. Nyuma yake walisimama baadhi ya makuruta, na kati yao msichana mmoja wa Kimakonde aitwaye Benilde, aliyezaliwa Mueda akakulia sokoni Mocímboa. Amade alisimama ubavuni kutafsiri.

Mwanawetu alikuja na gunia kichwani. Nyuma yake alikuja Somoe, jirani yake, amebeba dumu la mafuta na kulalamika njia nzima.

"Hata kibaba kimoja cha kukaangia, dada? Nani atajua?"

"Kaangia mate."

"Mate yangu yamekauka kwa njaa."

"Basi huna cha kuunguza. Twende."

Alilitua gunia miguuni pa komandanti, vumbi likamrukia kwenye viatu.

"Mwambie chakula chake hiki, hakijafunguliwa," alimwambia Amade. "Na kapulana yake hii. Mwambie kwetu chakula huja baada ya mtu, na mtu sijamwona. Mwambie Kuluthumu alikuwa kazini kwake, na aliyemuua alikuwa hajui kazi yake."

Amade alikohoa, akasema Kireno kifupi, chenye tabasamu. Komandanti akaitikia kwa kichwa, karibu apendezwe. Nyuma yake Benilde aliangalia chini ghafla.

"Wewe binti," Mwanawetu alisema. "Amesema nilivyosema?"

Benilde aliendelea kutazama mabuti yake.

"Kiswahili unajua. Nilikusikia jana sokoni unapunguziwa bei ya ndizi. Amesema nilivyosema?"

"Hapana, mama."

"Amesema nini?"

"Amesema familia inashukuru, ila nyumba yenu ndogo, hamna pa kuweka gunia."

Watu walicheka, hata wazee. Amade alisema, "Mama Yusufu, mimi ninakulinda wewe, hujui tu."

"Jilinde mwenyewe, Amade. Binti, sema wewe."

Benilde alimtazama komandanti, kisha akasema yote kwa Kireno, moja kwa moja, bila kupamba. Uso wa komandanti ulibadilika. Alijibu polepole, na Benilde akatafsiri: uchunguzi unaendelea, aliyefyatua hawezi kutajwa, eneo lilifungwa kwa utaratibu.

"Nani alituambia limefungwa?"

"Anasema kamati ya wavuvi iliulizwa, ikathibitisha."

Watu wote waligeuka kumtazama Husseni. Mwanawetu naye aligeuka, akangoja. Angeweza kumtaja. Alitaka ainuke mwenyewe. Husseni alibaki ameinama, anachora mchanga kwa kidole kama mtoto wa chuo.

"Basi sikiliza," Mwanawetu alimwambia komandanti, akimtazama yeye na kumwachia Benilde maneno. "Sitaki mchele. Nataka useme hapa, mbele ya watu hawa na mbele ya huyu mtoto, kwamba Kuluthumu alikuwa anachokoa pweza na risasi ilikuwa ya polisi. Umesema la kumchafua kwa pumzi moja. Hili nalo halizidi pumzi moja. Halafu aliyepiga aje mkekani."

Komandanti alisema kwamba akisema hivyo atakuwa amehukumu kabla ya hakimu. Akasimama, akavaa kofia. Bamvua ijayo, alisema, mazoezi yataendelea mahali pale pale, na safari hii kila mtu amearifiwa. Mwanamke atakayeonekana kwenye mwamba atakuwa amejitakia.

Tangu siku hiyo Mwanawetu hakumpikia Husseni. Alipika, akala na watoto, akaosha sufuria. Husseni alikula kwa dada yake, ambaye naye alianza kumuuliza maswali.

Bamvua ilipofika, Mwanawetu alitoka nyumbani asubuhi na ndoo yake. Somoe alikuwa anamngoja njiani, hana utani mdomoni. Nyumba nyingine zilifunguka, nyingine hazikufunguka. Mwanamke mmoja alitoka, mumewe akamwita, akarudi, kisha akatoka tena kwa mlango wa nyuma. Walishuka kwenye mwamba wakiwa wengi kuliko alivyotegemea, wakajipanga mkabala na vibao vya polisi, na kila mmoja akaanza kuchokoa. Mwanawetu alisimama kwenye matundu ya Kuluthumu. Hofu alikuwa nayo. Mgongo wote ulikuwa unamwasha, mahali ambapo risasi ingeingilia. Aliinama akachokoa.

Filimbi ikalia, bunduki hazikulia. Ikalia tena. Baada ya muda walimwona mtu mmoja anakuja kutoka ufukweni, anateleza, anachapa maji kwa mabuti. Alikuwa Benilde.

"Tembea kwenye mchanga mweupe, utaanguka," Somoe alimpigia kelele. "Wamekupa bunduki, macho hawakukupa?"

Benilde alifika anahema. Jasho lilikuwa limemlowesha shati.

"Mama, tokeni. Amesema mtoke."

"Umetusikia tukisema hatusikii?"

"Mama, nakuomba. Wale hawajui kupiga. Hata mimi sijui. Kabla ya siku ile nilikuwa nimepiga risasi tatu maisha yangu yote, na zote sikuona zilipokwenda."

Mwanawetu aliunyoosha mgongo.

"Siku ile ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Unafanya nini?"

"Napiga. Tulipiga mstari mmoja, wote pamoja." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Mkufunzi aliomba tuchimbe tuta kubwa la mchanga nyuma ya vibao. Komandanti akasema bahari inatosha, tutachelewesha wiki nzima kwa kubeba mchanga. Mkufunzi akanyamaza. Sisi tukaambiwa tuinue mitutu, tukainua. Nilipiga juu, mama. Wote tulipiga juu. Wakati wa filimbi nilidhani nimeona kitu chekundu kwenye maji. Nikadhani ni boya."

"Kapulana yake ilikuwa nyekundu."

"Najua sasa."

Wanawake waliokuwa karibu walikuwa wameacha kuchokoa.

"Ni nani aliyempiga?"

"Hatujui. Hawakuzipima bunduki. Kila mmoja wetu anajiombea iwe ya mwenzake." Akajilamba midomo. "Mama, nina kiu. Una maji?"

Mwanawetu alikuwa na chupa ndani ya ndoo. Aliitazama, akamtazama msichana, midomo imempasuka kwa chumvi, umri wake sawa na binti yake wa pili.

"Ninayo," alisema. "Lakini maji yangu hunywewa mkekani, viatu vimeachwa mlangoni. Nenda kamwambie mkubwa wako kwamba hatutoki, na bamvua nyingine tutakuwa hapa hapa. Kama anataka kujifunza kupiga watu waliosimama, leo amepata."

Benilde alirudi zake. Walimwona amesimama mbele ya komandanti, walimwona komandanti akiinua mikono. Makuruta walikaa chini juani, bunduki mapajani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka maji yakaanza kurudi na wanawake wakatoka kwa wakati wao, ndoo zimejaa, wakapita katikati ya vibao bila kumsalimu mtu. Siku ya pili walikuwa kule tena. Siku ya tatu hapakuwa na polisi ufukweni, na baadaye Amade akatangaza kwamba mazoezi yamehamishiwa kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, bara, kwa sababu za kiufundi. Kuhusu Kuluthumu hakutangaza kitu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Husseni alisimama mbele ya msikiti kabla watu hawajavaa viatu. Mwanawetu hakuwepo, aliletewa habari na Somoe, aliyekuja mbio, leso mkononi.

"Amesema. Amesema aliulizwa kama kuna mtu, akajibu hakuna, na wake zake wote wawili walikuwa kule. Amesema wazee wa kamati walikuwepo na hakuna aliyemsahihisha. Wazee wamekasirika, wanasema angesema peke yake."

"Jina lake alilitaja?"

"Alilitaja. Alisema Kuluthumu binti Abdulswamad alikuwa anachokoa pweza. Na akalia, dada."

"Kulia alie tu."

Jioni ile alimpikia. Ugali alimwekea, mboga hakumwekea. Husseni alikula bila kuuliza.

Benilde alikuja mwishoni mwa mwezi, bila sare, amevaa kapulana na blauzi, amefuatana na mama yake mzazi aliyepanda gari kutoka Mueda na rozari shingoni. Hakuna aliyewatuma. Benilde alivua viatu mlangoni. Alikaa mkekani mbele ya Mwanawetu, Husseni na Zulfa, mikono mapajani, akasema alivyosema kule mwambani, neno kwa neno, na akaongeza kwamba hajui kama risasi ilikuwa yake, lakini hawezi kuapa kwamba haikuwa. Mama yake alikuwa akiitikia kwa Kimakonde, chini chini. Kisha wakangoja. Walingoja sana. Kuku waliingia wakatoka.

Mwanawetu hakuwa amelainika. Alikuwa na hasira na yule msichana, na alijua atakuwa nayo bado atakapoondoka. Lakini alikuwa amekuja, kwa miguu yake, na alikuwa amesema. Alimtuma Zulfa kisimani achote maji mapya, akampa kikombe kwa mkono wake mwenyewe.

Kisimani sasa hawasemi tena habari za mume wa porini, au wanasema kwa kunong'ona. Lakini lile tangazo lililosomwa uani mwa msikiti halijafutwa. Mwanajeshi mgeni akija leo akauliza, ataambiwa kwamba polisi walisema mwanamke yule aliingia mahali palipofungwa, na alikwenda kufanya nini, uchunguzi utasema. Uchunguzi haujasema. Hakuna hata mtu aliyekuja kumuuliza Mwanawetu, aliyekishika kichwa cha marehemu, aliona nini.

Wazee wa kamati bado wanadaiwa; waliitikia kwa vichwa pamoja na wakamwacha Husseni aseme peke yake. Makuruta waliosimama mstari mmoja na Benilde wametawanywa vituoni, wana bunduki zao, na kila mmoja anadaiwa safari ya kuja Nantumbi avue viatu mlangoni. Mkufunzi aliyejua kwamba tuta linatakiwa, akanyamaza, naye yumo. Na Komandanti Valter amehamishiwa wilaya nyingine, ambako wanasema anafundisha wengine. Yeye anadaiwa maneno yale yale aliyoombwa kiwanjani: kwamba Kuluthumu alikuwa kazini kwake, na risasi ilikuwa ya polisi. Na kwa kuwa alimchafua kwa jina la polisi, aliyekalia kiti chake leo anadaiwa maneno hayo, na atakayekuja baada yake pia, mpaka mmoja wao asimame pale pale, mbele ya Zulfa, ayaseme.